Hoteli Tatu za Soud

Jumamosi aliyoondoka Soud, mkewe Salha alikuwa bado hajachagua hoteli.

Hoteli zenyewe zilikuwa tatu, zote za mji wa Venisi, na Soud alikuwa amezizungushia kalamu nyekundu kwenye kijitabu cha safari. Miaka kumi na minane alipakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Kila wiki alipandisha masanduku ya watu waendao mji huo wa mifereji, ambako mtu akitoka mlangoni anatia mguu ndani ya boti, na kila wiki alirudi nyumbani Wembley akisema, "Ipo siku na letu litapanda." Siku ikapatikana, likizo ya wiki moja mwezi wa Aprili. Alichobakia kukitaka kwa mkewe ni neno moja tu.

"Ya kwanza iko karibu na stesheni, rahisi, lakini makelele," alisema huku akivaa koti. "Ya pili ina dirisha juu ya mfereji mkubwa, na bei yake ya masultani. Ya tatu ndiyo ya watu kama sisi. Iko kichochoroni, haina lifti, chai ya asubuhi juu yao."

"Choo cha ndani?"

"Cha ndani. Tena hao Wataliana, mke wangu, wana beseni la kuchambia kando ya choo. Wamestaarabika kuliko hawa wenzetu wa makaratasi."

Salha akacheka. "Na hizo ngazi? Magoti yangu utayabeba weye?"

"Nimebeba masanduku ya watu miaka yote hii, nitashindwa na wewe? Chagua, bibie. Nikirudi unipe jibu."

Ilikuwa saa nane mchana, Novemba. Akaenda kununua maziwa na bizari.

Magharibi ya Novemba huko Uingereza huja mapema. Salha alisali, akawa anakunja msala. Televisheni ya jirani ilikuwa inasoma matokeo ya mpira, timu moja baada ya nyingine, ikisikika ukutani kama mtu anayesoma majina ya waliopotea. Ndipo chini ya dirisha sauti ikaita.

"Salha!"

Sauti ya Soud, wazi kabisa, ile aitayo akiwa mikono imejaa mifuko na anataka kufunguliwa mlango wa chini.

Lakini Salha alizaliwa Unguja, Kikwajuni, akalelewa na bibi aliyemfunza kwamba sauti iitayo baada ya magharibi, na mwenyewe humuoni, haiitikiwi mpaka itimie mara ya tatu. Mtu ataita tena. Kisicho mtu huita mara moja, na ukiitika umekwenda nacho. Soud naye alilijua hilo. Tangu waoane alikuwa akiita mara tatu mfululizo, haraka haraka, na watoto wa mtaani walimwiga. Siku ile aliita mara moja.

Salha akasimama na msala kifuani akingoja ya pili. Haikuja. Akaenda dirishani, akasogeza pazia. Taa ya barabarani ilikuwa inawaka, njia imelowa, mtu hakuna.

Saa kumi na mbili wakaja polisi wawili, mwanamke na mwanamme, kofia mikononi. Soud alianguka kituo cha basi. Alifikishwa hospitali, na huko akafariki saa kumi kasorobo.

"Saa ngapi?" Salha akauliza.

"Saa kumi kasorobo," yule mwanamke akarudia polepole, akidhani msiba umemchanganya.

Salha hakuchanganyikiwa. Saa kumi kasorobo mpira ulikuwa bado unachezwa. Matokeo hayasomwi mpaka karibu saa kumi na moja.

Akakaa eda, miezi minne na siku kumi, katika vyumba viwili na jiko. Bharti wa ghorofa ya chini, mwanamke wa Kihindi wa Mombasa, ndiye aliyemletea mkate na dengu na maneno ya mtaani. Huyo tu ndiye aliyeambiwa habari ya sauti.

"Na ungeitika ungefanya nini?" Bharti akauliza. "Ungekwenda naye?"

"Ningemwambia hoteli ipi."

"Hebu koma, Salha! Maiti gani anauliza hoteli?" Bharti alisema hivyo, lakini alihamisha kiti chake akaketi mgongo ukutani, asilipe kisogo dirisha.

Ukweli ni kwamba kila siku, matokeo ya mpira yakiwepo yasiwepo, wakati ule ukifika Salha alisimama pale pale katikati ya chumba akingoja aitwe tena. Hakutaka kitu kingine duniani. Mumewe alimwomba neno moja, naye alimnyima.

Eda ilipokwisha, Alnashir akapiga simu. Huyu ndiye wakala wa safari, mtoto wa Dar es Salaam, mwenye ofisi ndogo juu ya duka la vitambaa.

"Bi Salha, pole tena. Sikutaka kukusumbua ndani ya eda. Ile safari ya Aprili, niifute?"

"Usiifute. Nakuja."

Akaenda kesho yake adhuhuri. Alnashir akamwagizia chai, akafungua kijitabu alichokuja nacho Salha kwenye ukurasa wenye duara nyekundu, akaipigia simu hoteli ya kwanza, ile ya stesheni. Akazungumza Kiingereza na mpokezi, akacheka. Mara kicheko kikakatika. Akaziba simu kwa kiganja.

"Bi Salha, kuna mtu unayemtuma akupigie? Shemeji, binamu?"

"Sina mtu."

"Wanasema bwana mmoja amepiga. Jina lake Soud. Wamemtajia bei, hakuitaka. Ameuliza tu kama mkewe ameshachagua."

Chai ikaletwa, hakuna aliyeigusa.

"Itakuwa ni simu ya Novemba," Alnashir akajijibu mwenyewe. "Wamefunua ukurasa mwingine wa daftari lao." Akauliza tena, akasikiliza. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka. "Jana. Karibu saa kumi na moja. Anasema simu ilikuwa mbaya, mtu anahema kama amebeba mzigo. Amekwenda kumwita mwenzake aliyeipokea. Ngoja, kisha nipige na hizo mbili nyingine, nimjue anayefanya mchezo huu."

"Usipige," Salha akasema.

Aliamini na huko wangeambiwa bwana yule yule amepiga. Hesabu ya bibi yake ingetimia, na angekuwa na ruhusa ya kuitika. Lakini mara moja alikwishangoja hesabu itimie. Akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Upande wa pili hapakuwa na mtu. Palikuwa na mvumo wa waya, na nyuma ya mvumo maji yakipiga jiwe, na nyuma ya maji, pumzi.

"Labeka," Salha akasema.

Alnashir, aliyelelewa na yaya wa Kiswahili, akasukuma kiti nyuma mpaka kikagonga kabati.

"Labeka, Soud. Ya tatu. Ile ya kichochoroni."

Pumzi ikatulia, kama ya mtu aliyetua mzigo. Kisha maji yakanyamaza, na mpokezi akarudi akiuliza kwa Kiingereza nani yuko kwenye simu. Salha akamwomba radhi, akaikata.

Alnashir alikunywa chai yake yote iliyopoa kabla hajaipigia simu hoteli ya tatu. Chumba kipo, wakamwambia, ghorofa ya pili, bei ile ile ya kijitabuni.

"Muulize kama kuna bwana aliyepiga," Salha akasema.

Akauliza. "Hakuna. Hawajawahi kulisikia jina hilo." Akafuta paji la uso. "Niandike watu wawili, au mmoja?"

Salha akakifunga kile kijitabu.

"Mmoja."

Anaondoka Jumanne, ndege ya saa nne asubuhi. Funguo za nyumba atamwachia Bharti.