Vinyago vya Rafu ya Juu

Demetria alifika Mwenge kukusanya idadi ya ajali kazini kwa ajili ya daftari jipya la taifa. Kwenye karakana ya wachonga vinyago, mzee Mwinshehe hakumumunya maneno: "Hapa ajali hatunaga, mwanangu."

Akaandika sifuri. Lakini rafu ya juu ilimvuta macho: twiga hana shingo, simba hana miguu.

"Samahani mzee, mbona vile hamvimalizii?"

"Kazi ya mtu haiguswi. Tunamsubiri mwenyewe apone."

Demetria akafuta sifuri, akahesabu vinyago kumi na saba.

"Na kile kilichojaa vumbi kuliko vyote?"

"Hicho changu," akasema mzee, na kwa mara ya kwanza akautoa mfukoni mkono wake wa kushoto, wenye vidole viwili.