Kufuli la Bembea

Mwalimu Mkuu Piusi aliniita ofisini kuniambia kwamba mjukuu wangu Nashipai hafai kuingia darasa la kwanza. Penseli inamponyoka, b na d hazitofautishi, basi arudie chekechea. Nilimuaga kwa upole, nikatoka. Wanaonijua wanajua kwamba hiyo si dalili nzuri.

Nje nikamkuta mwalimu wake, Eva, ambaye huniita Koko, yaani bibi kwa Kimaasai.

"Shikamoo, Koko. Usimgombeze mtoto, akili anazo. Mkono unaanzia begani. Asiyeparamia, asiyening'inia, asiyefinyanga tope, vidole vitapata wapi nguvu? Na asiyejua kulia na kushoto mwa mwili wake, herufi atazijulia wapi?"

"Basi acheze."

"Achezee wapi, Koko?"

Nikatazama alikotazama. Nyuma ya seng'enge kulikuwa na bembea, ngazi za chuma na bati la kuteleza, vyote vinang'aa kama bibi harusi. Getini, kufuli kubwa kama kwato ya ng'ombe. Wazungu waliokuja kuangalia wanyama kwenye shimo la kreta ndio waliovitoa msaada. Wageni wakija kupiga picha, Piusi hufungua, watoto hubembea na kucheka kwa amri. Gari likiondoka, kufuli! Eti rangi isichubuke. Rangi ilindwe, mtoto aoze! Na huko tulikopanga hapa Karatu, mwenye nyumba kapanda maua ua mzima, mtoto akikanyaga ni kesi.

Alhamisi wageni wakaja tena. Watoto wakapangwa mstari, kufuli likafunguliwa. Kabla hawajaingia, nikaingia mimi. Nikakaza khanga kiunoni, nikapanda ngazi, nikakaa juu kabisa ya bati la kuteleza. Wageni wakapiga makofi, simu juu.

"Bibi, teremka," Piusi akasema huku akiwachekea wageni.

"Siteremki."

"Utavunjika!"

"Nikivunjika nifungie humu, nisichubuke."

Watoto wakaangua kicheko, na safari hii hakuna aliyewaamuru.

"Unataka nini lakini?"

"Ufunguo apewe Mwalimu Eva. Watoto wacheze kila asubuhi, ndipo washike hizo penseli."

"Sawa, njoo ofisini tuzungumze."

"Ofisini nimeshafika, hakuna bembea." Nikamgeukia dereva wa wageni, mtu wa kwetu Loliondo. "Lekishon! Wewe Kiingereza unakijua. Hebu waambie wageni wako hapa hufunguliwa siku gani."

Lekishon akakohoa, akasafisha koo. Kabla hajatamka neno, Piusi alikuwa ameshachomoa ufunguo mfukoni na kumkabidhi Eva mbele ya watu wote.

Nikateleza. Kiatu kimoja kilitangulia, cha pili sijakiona mpaka leo.

Wageni wakaondoka, geti la seng'enge likabaki wazi. Nashipai akaning'inia kwenye ngazi ya chuma, akaanguka puu, akajipangusa, akapanda tena.

"Nitampima Novemba," Piusi akaniambia, kanuna. "Siahidi kitu."

"Mpime, mwanangu. Ila nikisikia hapa pamefungwa hata siku moja, nitarudi na kikundi chetu cha kutunga shanga. Na wenzangu, Mwalimu, wanene si mchezo. Hilo bati lako tutalikalia wote."