Bega la Msellem

Waliowahi kumwona Msellem akirusha mpira wa kriketi hawakuhitaji kuambiwa kwamba wapigaji walikuwa wakimwogopa. Waliona wenyewe. Alianza kukimbia kutoka mbali, kule magari yalikoegeshwa, changarawe zikiruka nyuma ya viatu vyake, na kabla mpira haujamtoka mkononi mpigaji alikuwa keshaanza kurudisha mguu nyuma. Uwanja wenyewe haukuwa na hata unyasi mmoja. Ilikuwa ardhi tupu chini ya vilima vya Bawshar, pembezoni mwa Maskati, na katikati ukanda wa saruji uliotandikwa busati. Hapo ndipo, Ijumaa asubuhi, watu walipomfuata Msellem tangu mwanzo wa miaka ya tisini.

Dada yake, Rahila, hakukosa hata mechi moja. Alimpita nduguye kwa miaka tisa, na mama yao alipofariki, muda mfupi baada ya kuhamia Omani kutoka Unguja, ni yeye aliyemlea. Alikuwa nesi katika zahanati moja ya binafsi. Wagonjwa wakimuuliza, "Wewe ndiye dada yake Msellem?" alijifanya hakusikia ili waulize tena.

Mwaka wa tisini na sita, wiki ya fainali, alimkuta Msellem jikoni akijaribu kunyanyua birika kwa mkono wa kulia. Birika lilikwenda juu kidogo, likarudi mezani kwa kishindo.

"Nnaumwa, Dada. Bega linawaka moto."

"Basi pumzika."

"Fainali Ijumaa, nipumzike? Kazini kwenu mna sindano za ganzi. Nidunge moja tu."

"Ganzi haiponyi, Msellem. Inakuzibia maumivu, na hayo maumivu ndiyo yanayokwambia usimame."

"Mie sitaki kusimama."

Alimkatalia siku hiyo, akamkatalia na siku ya pili. Ijumaa alfajiri Msellem aliketi jikoni, kanzu kaivua mpaka kiunoni, bega kamgeuzia. Rahila alifungua mkoba wake. Sindano alikuwa nayo tangu jana yake.

Uwanjani aliketi kwenye kiti cha kukunja kando ya gari lake. Timu ya pili ilianza kupiga, na mpigaji wao wa kwanza alikuwa Ishaq, kijana mrefu wa familia iliyorudi kutoka Tabora. Alisoma darasa moja na Msellem, na tangu utotoni hawakuachana katika kutaniana na kushindana.

Mpira wa kwanza wa Msellem uliruka juu ya vichwa vya watu wote. Wa pili ulijipigiza karibu na miguu yake mwenyewe. Ishaq aliegemea gongo lake, akacheka.

"Msellem! Mkono umeusahau nyumbani?"

Watu wakacheka. Wa tatu ulikuja polepole, na Ishaq akaupiga ukapotelea huko barabarani.

Ukimtoa Msellem mwenyewe, Rahila peke yake uwanjani hapo ndiye aliyejua kwamba mkono ule haukuwa na hisia, kwamba vidole vile vilikuwa vikiachia mpira bila ya kujua vinaachia lini. Humam, nahodha wa timu ya Msellem, alisimama hatua kumi tu kutoka alipokuwa. Angemwita, angemwambia amtoe Msellem. Aliinuka nusu. Halafu akajiuliza atasema nini: kwamba kamdunga nduguye dawa aliyoichukua kazini bila ya ruhusa? Akaketi tena.

Msellem alikimbia mara ya nne. Mpira uligonga busati, ukainuka, ukampata Ishaq kando ya jicho la kushoto. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu aliyegonga mlango mara moja. Ishaq alipiga magoti taratibu, akalala kifudifudi. Wote walikimbilia kwake isipokuwa Msellem, aliyebaki kasimama pale pale mkono ukimning'inia.

Ishaq hakufa. Jicho ndilo lililokwenda.

Kila mtu alisema ni kadari ya Mungu, mchezo ni mchezo. Lakini fainali ilipochezwa upya watu walijaa mara tatu ya kawaida, na Rahila alielewa upesi walichokuja kukitazama. Wapigaji sasa walikuwa wakihama njia kabisa Msellem akikimbia. Timu yake ilishinda, ikashinda tena. Vijana walimsimulia majumbani, na kila aliyesimulia aliongeza kasi ya mpira ule. Msellem mwenyewe jina la Ishaq likitajwa aliinuka barazani akaondoka.

Rahila hakumdunga tena. Aliapa, akashika kiapo chake. Lakini Humam alimjua bwana mmoja aliyekuwa akidunga wachezaji nyuma ya duka lake, bwana asiye daktari wala nesi, na Msellem akawa mtu wa huko. Kisha Rahila akaanza kukuta chupa za pombe nyuma ya tangi la maji. Kisha zikaja barua za onyo kutoka kazini kwa Msellem, wizarani, Maskati, ya kwanza, ya pili, na ya tatu haikuwa ya onyo tena. Kila mwaka kitu kimoja kilianguka nyumbani kwao Ansab, na kila kilipoanguka Rahila alikaa akisikiliza kitakachofuata.

Mwaka wa tisini na tisa, Ijumaa moja, aligusa shati la Msellem akalikuta limelowa jasho. Bega lilikuwa limevimba, limekuwa jekundu, linatoa joto kama jiko. Alipokwenda kuchukua kipimo cha homa alisikia gari la Humam likiondoka nje, na Msellem ndani yake.

Alilifuata mpaka uwanjani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye busati, buibui likipeperuka, wachezaji wakimkodolea macho.

"Mtoe, Humam. Mtoe sasa hivi."

"Mipira sita tu, Dada Rahila. Wallahi sita tu."

"Hebu mguse bega."

Humam alimfuata Msellem, akaweka kiganja juu ya shati lake, akakiondosha kama aliyeungua. Aligeuka kutaka kusema kitu. Lakini Msellem alikuwa keshaanza kukimbia. Alifika nusu ya njia, akaanguka, na mpira ukabiringika peke yake mpaka miguuni mwa mpigaji.

Hospitali walimpasua mara mbili kutoa usaha kwenye kiungo. Mkono waliuokoa, ila haukupanda tena juu ya kifua. Sala ya kwanza aliyoisali nyumbani, Rahila alimwona akileta takbira: mkono wa kushoto ulifika sikioni, wa kulia ukakomea kifuani. Alirudi jikoni akafungulia bomba ili asisikike akilia.

Miaka minne ilipita kabla hajapata moyo wa kusema. Msellem alikuwa kaacha kunywa, kakonda, akishinda nyumbani. Siku moja baada ya chakula cha mchana Rahila alimwambia, "Mdogo wangu, lile jicho si lako. Ni langu. Mkono wako ulikuwa umekufa ganzi siku ile, na ganzi niliitia mimi. Niliona, nilitaka kuinuka, nikaketi. Usijibebeshe tena."

Msellem alimgeukia.

"Miaka yote hii umedhani ni sindano?"

"Ni sindano."

"Dada." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mipira mitatu ile ya mwanzo ilinitoka, kweli. Ule wa nne nilimlenga. Alinicheka mbele ya watu, nikamlenga kichwa. Nilisema moyoni, kama mkono umekufa hautafika. Ukafika."

Rahila alitaka kusema si kweli, ni maneno ya mgonjwa. Lakini ni yeye aliyemlea, na aliujua uso wake pale anaposema kweli.

Walikwenda pamoja kwa Ishaq siku ya pili, nyumba ya ghorofa huko Bawshar, watoto wakicheza ukumbini. Ishaq aliwaketisha, akawamiminia kahawa mwenyewe, akikigusa kila kikombe kwa kidole kupima umbali kabla ya kumimina. Rahila alisema lake. Msellem akasema lake, macho chini. Walipomaliza, hakuna aliyekunywa.

"Mama yangu," Ishaq alisema hatimaye, "mpaka anafariki alikuwa akikuombea dua, Msellem. Akisema, maskini kijana wa watu, anaishi na jambo ambalo hakulikusudia."

Msellem alifunika uso kwa mkono mmoja.

"Sijui nikusamehe au la," Ishaq akaendelea. "Labda nitajua mwakani. Labda sitajua. Leo nendeni."

Aliwasindikiza mpaka mlangoni, akaufunga taratibu. Rahila alimfungulia nduguye mlango wa gari, akamfunga mkanda. Jumamosi asubuhi alikwenda zahanati kabla ya wagonjwa kufika, akagonga mlango wa mkubwa wake, na akaanza kueleza tangu siku ile alipofungua kabati la dawa.