Lori Ambalo Halijafika

Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi, mpanga malori alifuta ubao, akanywa chai iliyokwisha poa, kisha akagawa milango kumi na mmoja kwa malori ya kampuni. Mlango mmoja uliobaki, namba saba, ulikuwa umeng'olewa na fremu yake kwa matengenezo, umeegemezwa ukutani tangu mwezi uliopita. Kituo chao hakikuwa ghala. Mzigo uliingia upande huu, ukahamishiwa lori jingine upande wa pili, ukaondoka siku hiyohiyo, na wote walijivunia kwamba hakuna katoni iliyowahi kulala pale. Waliolala ni madereva, nje, kwenye foleni.

Mlinzi wa geti alileta taarifa mbili. Bomba la nje limekauka tena, na lori la nne kwenye foleni limeota mizizi.

"La kukodi?" mpanga malori aliuliza.

"La kukodi, dada. Lile la masufuria. Leo siku ya tisa."

Alitoka kwenda kuliona. Mizizi ilishuka kutoka matairi yote kumi, minene kama kidole gumba, na ilikuwa imeshapasua lami. Kwenye kioo cha pembeni palikuwa na chipukizi lenye majani matatu. Dereva wake, mtu mzima ambaye wenzake walimwita Redio kwa sababu hazimiki, alifungua mlango akamwonyesha mguu wa kushoto. Nyuzi nyeupe zilitoka kisiginoni, zikatoboa kandambili, zikazama sakafuni karibu na klachi.

"Hauumi," alisema. "Ila hautoki. Dada yangu, kesho saa nne baba anafunguliwa bandeji za macho. Miaka saba hajaona hata mkono wake mwenyewe. Kasema uso wa kwanza anaoutaka ni wangu, sijui kwa uzuri gani. Na kutoka hapa mpaka kwetu ni mwendo wa saa sita."

Mpanga malori alirudi ofisini akiwa na uchungu, akapiga simu makao makuu.

"Lori hilo liko mlango gani?" bosi aliuliza.

"Halina mlango. Liko kwenye foleni."

"Basi halijafika."

Ndivyo neno hilo lilivyotumika pale. Lori lilihesabiwa kuwa limefika pale tu mpanga malori alipoandika namba ya mlango wake na saa. Kabla ya hapo lingeweza kukaa getini mpaka dereva aote mvi, na kwenye daftari likawa bado liko njiani. Malori ya kampuni yaliwekewa milango hata kabla hayajawashwa. Ya kukodi yaliokota masalio, na wiki ile masalio hayakuwepo.

"Lori ambalo halijafika haliwezi kuota mizizi kwetu," bosi alisema kwa upole kabisa. "Waandikie watu wa barabara. Na tafadhali, bila mlango usiandike kitu."

Mpanga malori alikata simu. Halafu akamwita kiongozi wa makuli, jina la utani Winchi.

"Kaka, ule mlango wa saba mnaweza kuubeba?"

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye foleni."

Winchi aliutazama mlango, akapima umbali kwa macho, akakuna shingo. "Watu wanane," alisema. "Ila tule kwanza."

Walipokwisha kula waliubeba, fremu na bawaba zake, wakaupitisha getini na kuusimamisha nyuma ya lori la masufuria. Wanne waliushikilia. Lori la kupokea mzigo likarudi kinyumenyume mpaka upande wa pili, na katoni zikaanza kupita mlangoni moja moja. Kuli mmoja alipitia pembeni kwa sababu palikuwa wazi. Mpanga malori alimrudisha.

Kisha akafungua daftari juu ya boneti, akaandika: Mlango wa 7. Limefika. Saa nane na dakika arobaini. Mizizi ilianza kuachia gurudumu moja baada ya jingine. Redio alivuta mguu, akachezesha vidole, akaomba maji. Saa kumi alikuwa ameondoka.

Jumamosi saa tano alipiga simu.

"Kaniona," alisema. "Kanitazama weee, kasema nimezeeka vibaya. Halafu kauliza hili jani sikioni ni la nini."

Mpanga malori alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta haraka.

Mwisho wa mwezi makao makuu yalileta pongezi na saa ya ukutani. Kwa hesabu yao, lori la kukodi lilisubiri dakika kumi na moja kwa wastani, tangu kufika. Redio aliandikiwa kumi. Mlango wa saba ulikuwa umetengenezwa, na Winchi na watu wake walikuwa wameurudisha mahali pake. Bomba la nje lilikuwa bado kavu.

Saa ya ukutani ilikuwa haijapata hata msumari mlinzi alipoingia. Lori la sita, la magodoro, lina kichipukizi kwenye waipa.

Mpanga malori alimwita Winchi. "Kaka, mlango wa saba mmeufunga kwa bolti ngapi?"

"Zilitakiwa kumi na mbili," Winchi alisema. "Tulifunga nne."