Kicheko cha Otilia Brescia

Asubuhi Rómulo Ferrazzano alimaliza kibuyu chake cha chai chungu, akafuta sharubu, akasimama mbele ya lango la mbao lililopakwa rangi lifanane na la kambi ya jeshi, akalia. Alilia vizuri. Hata kamasi zilitoka kwa wakati wake. Alipofika kwenye maneno "Nipeni binti yangu," mwanamke mmoja nyuma ya kamera akaangua kicheko.

"Katisha!" akasema Mirta, mwongozaji wa filamu. "Nani huyo?"

Baldomero, fundi wa sauti, alivua visikizio. "Otilia Brescia. Siku zote alikuwa anawahi kucheka kidogo kuliko wenzake."

Otilia alikuwa ameketi juu ya sanduku la taa, na gauni lile lile la maua alilovaa siku wanajeshi walipomchukua kwenye mkahawa wa televisheni, miaka minane iliyopita, asirudi tena. Mpishi alimletea kahawa. Hakuinywa, lakini alishukuru.

Otilia hakuwa mtovu wa adabu. Kucheka ilikuwa kazi yake. Vichekesho vya televisheni ya Buenos Aires vilikuwa na wachekaji wa kukodiwa, watu wanaokaa gizani wakicheka panapostahili, na pasipostahili wakicheka zaidi. Kicheko hicho kilimlisha Rómulo nusu ya maisha yake, akiitwa Papelón, jamaa wa suruali fupi anayepigwa na kila mlango. Sasa, mvi zimeshakubaliana kichwani, kapewa kwa mara ya kwanza kuigiza mtu mwenye akili zake: baba anayemtafuta bintiye. Magazeti yalishasema atawatia watu aibu. Mirta alishasema akishindwa hadi Ijumaa ataletwa mwigizaji wa kweli badala yake.

Wakarudia, kicheko. Wakarudia tena, kicheko. Rómulo akamwendea.

"Otilia, dada yangu, unanimwagia unga. Mimi nalia, wewe unacheka?"

"Si unachekesha, Don Rómulo."

"Hapa sichekeshi!"

"Ndiyo maana nacheka. Nani aende kambini na machozi? Hata kidirisha hawafungui. Baba yangu alilia Alhamisi ya kwanza tu. Ya pili akaenda na Papelón."

"Papelón yupi?"

"Wewe. Askari wote walikuwa wanakutazama. Basi mzee anavua kofia, anaitundika hewani, inaanguka, anaiomba radhi. Wanafungua, wanashika mbavu. Wakiwa katikati ya kucheka, anawauliza niko wapi."

"Wakamwambia?"

"Wakamwambia arudie ile ya kofia."

Rómulo alikaa chini. Kituko cha kofia alikibuni mwenyewe, tena alikionea fahari.

"Alienda hivyo kila wiki mpaka alipokufa," Otilia akasema. "Sasa hakuna anayeniulizia. Niulizie wewe, hata mara moja. Kwa jina langu."

Rómulo alimwambia Mirta anataka kuigiza kwenye lango la kweli, na anataka kuchekesha.

"Papelón tena? Tumekutoa huko kwa taabu, mzee!"

"Mama, mwenye shida lazima achekeshe. Wewe hujawahi kumwomba mtu kitu?"

Mirta alifikiri. Alikuwa ameomba vitu vingi kwa watu wengi ili filamu ile ipatikane, na kwa wote alikuwa amechekacheka.

"Mara moja tu," akasema. "Ukiharibu, uende zako nyumbani."

Ijumaa mchana walipeleka kamera kambini, ng'ambo ya reli. Baldomero alimwachia Otilia kiti cha mbele garini. Mwigizaji aliyepewa nafasi ya askari alikuwa bado anahangaika na vifungo pale Rómulo alipoanza, maana alijua akingoja moyo utamtoroka. Akavua kofia, akaitundika hewani, ikaanguka. Akaiinamia.

"Niwie radhi, bibie. Sikujua kama umechoka."

Kidirisha cha lango kikafunguka, cha kweli, na askari wa kweli akatoa kichwa, mtu mzima mwenye mashavu ya kushiba. Alicheka mpaka akapaliwa. "Che, jamani, ni Papelón! Njooni, ni Papelón mwenyewe!" Vichwa vingine vikabanana nyuma yake, vinacheka.

Otilia alisogea akasimama bega kwa bega na Rómulo, uso kwenye kidirisha. Hakucheka. Baldomero alibana visikizio kuhakikisha. Hakusikia kitu upande wa Otilia, hata pumzi.

"Namtafuta Otilia Brescia," Rómulo alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kuiomba kofia radhi.

Mirta hakusema katisha.

Askari alipangusa machozi ya kicheko kwa mkono wa shati. Alimtazama Otilia, akamsalimia kwa kichwa, kama mtu anavyomsalimia jirani wa siku nyingi.

"Hapa hajawahi kuletwa mtu wa jina hilo, mzee," alisema. Kisha akamgeukia Otilia: "Na wewe bibie, sogea kidogo. Unanizibia nisimwone Papelón."

Otilia akasogea.