Vanilice za Mfungo

...na kinachomkera Radojka kuliko vyote ni kwamba ni rahisi mno, kisasi cha miezi minane kingestahili jasho kidogo, usiku mmoja wa kukosa usingizi, mkono kuungua, lakini vanilice, biskuti hizi ndogo za Krismasi, hazina jasho, ni mafuta ya nguruwe, sukari, unga, jozi zilizosagwa, viini viwili vya mayai, ganda la limau lililoparuzwa, unakanda, unasukuma, unakata viduara kwa mdomo wa kikombe kidogo cha rakija, pombe kali ya matunda, unazioka dakika kumi na kuzitoa zikiwa bado nyeupe, halafu unazibana mbili mbili kwa jamu ya aprikoti na kuzigaragaza kwenye sukari ya unga yenye harufu ya vanila, basi, Krismasi imefika, mtoto wa darasa la tatu anaweza... na za mfungo zinatofautiana na za sikukuu kwa vitu viwili tu, mayai unayaacha na badala ya mafuta ya nguruwe unatia majarini, na kwa macho hakuna wa kuzijua, nyeupe kwa nyeupe, sukari inafunika yote, hata Vukosava aliyekaa ng'ambo ya meza na koti jeusi mwilini, wifi yake huyu, dada wa marehemu mumewe Milutin, amekuja kuchukua boksi lake la vanilice za mfungo kama anavyokuja kila tarehe sita Januari asubuhi, mwaka wa ishirini na sita huu, ziliwe mezani kwake leo jioni, siku ya mwisho ya mfungo, kwa sababu Vukosava hajagusa nyama wala maziwa wala yai siku arobaini na mtaa mzima unajua kwamba hajagusa, na kesho asubuhi, Krismasi ya Waorthodoksi, atapokea Komunyo mbele ya kanisa zima akiwa amefumba macho kama kuku anayekunywa maji, na Radojka anapaka jamu, anabana, anagaragaza, anaweka kwenye sinia, akijua kilichomo.

"Samaki ananikodolea macho tangu jana," anasema Vukosava, "yumo kwenye beseni la kuogea, mzima, nimemwambia bwana mkubwa amuue, ananiambia jioni, jioni, nikamwambia jioni hiyo utakula maharagwe matupu na utamwogesha huyo samaki wako mgongo," na Radojka anacheka, mdomo wake unacheka wenyewe, umezoea, miaka ishirini na sita mdomo unachekea vituko vya Vukosava, maana ana vituko, hilo hawezi kumnyima, hata siku ile ya arobaini ya Milutin watu walikuwa wanacheka upande wake wa meza kabla hajasimama, kabla hajagonga glasi kwa uma na kusema lile neno, kwa sauti ya upole, na upole ndio uliouma, "kaka yangu kaondoka na mafuta ya nguruwe mdomoni, katikati ya mfungo, Mungu amsamehe aliyempa," na meza nzima ikageuka kumtazama aliyempa, majirani, padri na kijiko chake, mwenye duka, watoto, na aliyempa, yeye Radojka, alikuwa ameshika sahani ya mikate asijue aiweke wapi... akaiweka, akarudi jikoni kuosha vyombo ambavyo havijachafuka, maji yakatiririka mpaka yakawa baridi, hakuna aliyemfuata. Hakuna hata mmoja. Miezi minane, na neno moja tu limemkaa rohoni, na sasa analirudisha kama lilivyo, bila kuongeza chumvi, ameshalipanga, amelisema mbele ya kioo, amelisema kwa kuku akiwatupia mahindi, kesho baada ya misa, pale getini kila mtu anapompa mwenzake mkono wa heri, atamkumbatia Vukosava, atambusu mara tatu kama ilivyo ada, na atasema kwa sauti ya upole kabisa, wifi yangu, umepokea Komunyo na mafuta ya nguruwe mdomoni, Mungu akusamehe... na watageuka, wale wale, na safari hii aliyeshika sahani atakuwa mwingine.

"Unanisikia lakini?" anauliza Vukosava. "Nakusikia," anasema Radojka, "samaki." "Samaki nimeshamaliza, niko kwenye goti," anasema Vukosava, na anaendelea na goti, daktari alivyomwambia apunguze ngazi kana kwamba yeye ndiye aliyejenga nyumba ya ghorofa, na Radojka anapaka jamu, akilini mwake ni Jumatano ile tena, haijaisha, Milutin kitandani chumba cha pili, wiki ya nne ya Kwaresima Kuu, siku ya tatu hajala kitu, supu ya uyoga anaigeuzia uso, maharagwe anayageuzia uso, mwili wake chini ya blanketi umebaki kama fimbo mbili, na ghafla anasema, Rado, nipe mkate wa mafuta, hivyo tu, mkate wa mafuta, kama mvulana anayerudi kutoka shuleni, na yeye hakufikiria mfungo wala padri wala mbingu, alikimbia, alikata kipande kinene, akakipaka mafuta ya nguruwe kutoka kwenye ndoo ya pantri, chumvi, pilipili nyekundu ya unga, akampelekea, na Milutin akala nusu, akatafuna akiangalia dari, akalamba kidole gumba, akasema "ah," neno la mwisho alilolisema kwa raha duniani, na mlango ukafunguliwa, akaingia Vukosava na chupa ya maji ya baraka, akaiona sahani. Hakusema kitu siku ile. Aliitazama sahani na kumtazama kaka yake, akaweka chupa juu ya kabati na kukaa, na Ijumaa Milutin akafa, na Radojka alidhani ule ukimya ulikuwa huruma, mjinga yeye, kumbe ulikuwa akiba, mtu alikuwa anaweka neno lake mpaka apate meza iliyojaa.

Basi na yeye ameweka. Dhambi itakuwa yake, anajua, anayekula bila kujua hana kosa na anayelisha anajua, ataibeba, ana mabega, amebeba mgonjwa mwaka mzima kutoka kitandani mpaka chooni, dhambi moja ya kijiko cha mafuta haitamvunja mgongo... ingawa tangu juzi alipozioka zimekaa ndani ya bati bila kubanwa, siku tatu, kila akilifungua bati mkono ulikuwa mzito na akalifunga tena, akajisingizia kichwa, akajisingizia jamu nyepesi, mpaka leo Vukosava amegonga mlango na yeye ndio kwanza anabana, na ukweli anaujua, aliogopa, si Mungu, aliogopa atakapomaliza hatakuwa na kitu cha kusubiri, maana miezi minane hii kisasi ndicho kilichomwamsha asubuhi, kikamvalisha soksi, kikamtuma kulisha kuku, mtu mwingine angekuwa ameshalala chini, na mtu akimwuliza Radojka ni nani aliyemfariji baada ya Milutin atasema hasira, hasira ilinipikia hata chai. "...nikamwambia daktari, mwanangu," anasema Vukosava, "goti ni langu na ngazi ni zangu, wewe niandikie dawa," na huku akisema mkono wake umevuka meza, vidole vile vifupi vya ukoo wao, vidole vya Milutin kabisa, vimechukua vanilica moja kutoka ukingoni mwa sinia, na Radojka anasema "ngoja," ameshasema kabla hajajua, "ngoja zilainike," na Vukosava anasema "nimefunga siku arobaini, sikuwekewa mfungo wa vanilice," akaitia mdomoni nzima, kama anavyokula siku zote, nzima.

Radojka anatazama taya. Anapaka jamu bila kuangalia na anatazama taya, linakwenda, linakwenda, haikupangwa hivi, ilipangwa jioni, mbali, kwenye meza ya watu wengine, asione yeye, hakujua kwamba ataona, na anaona pia kwamba ndani yake kuna furaha, mbaya, ya moto, anajiambia tafuna, tafuna dada yangu, meza vizuri... na taya limesimama. Vukosava ametulia na shavu limejaa, macho yako dirishani ambako hakuna kitu, uzio wa jirani na theluji chafu juu yake, na Radojka anaelewa kosa lake lote kwa mpigo mmoja, kosa la mtu asiyepika na yeye amepika maisha yake yote, za majarini siku ya kubanwa ni ngumu kama kigae, lazima zikae na jamu siku tatu ndani ya bati ndipo zilainike, kila mwanamke wa mji huu anajua, ila za mafuta ya nguruwe zinayeyuka papo hapo, ulimi hauhitaji hata jino, na huyu aliyekaa mbele yake amelelewa na mama aliyekuwa akiyayeyusha mafuta ya nguruwe kwenye sufuria uani kila Novemba, akiyachuja kwa mikono yake, Vukosava alionja mafuta hayo kabla hajajua kusema jina lake. Atatema, anafikiri Radojka, sasa atatema kwenye leso, atasimama, atapiga kelele zifike kwa mwenye duka, na atakuwa na neno jipya kwa meza nyingine, na mimi nimempa mwenyewe, kwa mikono yangu, ndani ya sukari.

Vukosava amemeza. Koo limepanda, limeshuka. "Umezibana lini hizi?" anauliza. "Sasa hivi," anasema Radojka, "si unaniona." "Nakuona," anasema Vukosava, na mkono unarudi kwenye sinia, taratibu, Radojka anaufuata kwa macho kama mtu anayefuata nyigu, unachukua ya pili, unaikung'uta sukari kidogo, na Vukosava anaiangalia vizuri kwanza, juu na chini, halafu anaitia mdomoni na kuitafuna huku akimtazama Radojka usoni, bila kuficha, na hapo hakuna tena kutojua, mbili haziliwi kwa bahati mbaya. "Kama za mama," anasema akiwa bado anatafuna, na baadaye, alipokwisha kumeza na kujifuta mdomo, "kesho usinitafute mbele, sitapokea, nitasimama nyuma na wewe," nyuma maana yake pale mlangoni penye sanduku la mchanga wa mishumaa, penye upepo, Radojka amesimama hapo Jumapili zote tangu ile arobaini, karibu na mlango ili misa ikiisha awe wa kwanza kutoka asipeane mkono na mtu, na hakujua kwamba kuna aliyeona, hakujua kwamba kutoka kule mbele, safu ya kwanza, kuna mtu aliyekuwa akigeuza shingo. Na badala ya nafuu anapandwa na hasira, hasira mpya kabisa, safi, anataka kumrushia bakuli la sukari kichwani, nani kakupa ruhusa, nani kakuambia unaweza kuja jikoni kwangu ukaila adhabu yangu kama kifungua kinywa, nimeipika mimi, nilikuwa na neno langu, nimelitunza miezi minane, na sasa anajaribu kulitafuta na analipata, limo pale pale, wifi yangu umepokea Komunyo, lakini hapokei tena, neno halina wa kuambiwa, limekuwa kama kiatu cha mtu aliyezikwa... na mdomo, ule ule unaocheka wenyewe, unasema kitu kingine ambacho hakikupangwa wala kusemwa mbele ya kioo, "alikuwa na njaa, Vukosava."

Friji inanguruma. "Siku tatu," anasema Radojka, "siku tatu hajala, alikuwa na njaa tu." "Najua," anasema Vukosava. "Nilijua siku ile ile," anasema, na sauti haina upole wowote, ni sauti kavu ya mtu anayetoa mwiba, "aliniachia nusu ya pili, ulipokwenda kuleta maji, akanisukumia sahani, akasema kula, na mimi nilitaka, Rado, nilitaka kuliko kitu chochote, nikamwambia Mungu anaona, na hilo ndilo alilolisikia kwangu mwisho." Na Radojka anamwona, kwa mara ya kwanza tangu arobaini anamwona bila glasi na uma mkononi, mwanamke mnene wa miaka sitini na moja mwenye sukari kwenye kola ya koti jeusi, aliyekaa kando ya kaka yake na kukataa mkate, na ambaye ilibidi atafute wa kumtupia lawama, akamtupia aliyekuwa karibu, na Radojka anajua angetaka kumhurumia, hamhurumii, bado, labda hatamhurumia kamwe, miezi minane haiondoki kwa biskuti mbili, lakini kile kilichokuwa kikimwamsha asubuhi hakipo tena mahali pake, anapapasa ndani na hakuti kitu, kesho ataamka na nini hajui, ataamka tu, kuku watataka mahindi. Analisukuma sinia mpaka likagusa mkono wa wifi yake. "Basi kula nyingine," anasema, na hakuna anayeweza kujua kama ni amri au ni karibu, hata yeye mwenyewe hajui, na Vukosava anachukua ya tatu bila kuuliza, machozi yanamshuka na anatafuna, na Radojka anachukua viduara viwili kutoka kwenye bati, anapaka jamu kimoja, anakifunika na kingine, anavibana.