Dereva wa Fundi

Wewe uliyekaa hapo, sogea kidogo nikutegee. Nina mtungi wangu, nimeubeba tangu nizaliwe na sijawahi kuuona. Kila siku ukijaa nakimbia kuumwaga, ila siku moja tu niliambiwa niende nao umejaa pomoni, nisimwage hata tone. Mtungi gani huo?

Usinipe mji, sina pa kuuweka. Jibu lake ni kibofu cha mkojo. Na usikunje uso, maana hicho hicho unachokionea haya ndicho kilichomtoa jasho Fundi, mtu mzima mwenye wajukuu.

Fundi alikuwa fundi cherehani. Alishona suruali za mtaa mzima, za wanaoanza shule mpaka za wanaostaafu, na jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau, naye nusura alisahau. Futi ya kupimia ilimning'inia shingoni kutwa, hata mezani akila. Basi akaanza kuamka usiku kwenda chooni, aende arudi, aende arudi, mpaka mkewe akamwambia, "Baba we, hiyo njia ya chooni utaichimba handaki." Alipopimwa akaambiwa ana saratani ya tezi dume.

"Tumeiwahi," daktari alisema. "Bado imejifungia ndani ya tezi, haijatoka kutembea. Tutaipiga mionzi."

Fundi alilishika neno hilo moja kama mtu anavyoshika kifungo kisidondoke. Kila aliyemuuliza hali alimjibu, "Namshukuru Mungu, wameiwahi."

Hospitali ilikuwa mbali, na wa kumpeleka hawakuwa wengi. Yeye na mkewe walijaliwa mtoto mmoja tu, wa kike, naye alikuwa na kichanga. Akabaki mume wa binti, mwoka mikate. Kijana alikuwa anakesha kwenye tanuri, na asubuhi, badala ya kwenda kulala, anaazima gari la mikate na kumpakia baba mkwe, unga bado umo masikioni.

Sasa taabu ni hii. Fundi na mkwewe waliheshimiana kupita kiasi. Ilikuwa heshima ya kukohoa kabla ya kuingia mahali, na ya kusalimiana macho yako chini. Kijana alimwita Fundi baba. Fundi yeye, miaka yote tangu harusi, hakuwa amepata la kumwita. Alisema "wewe bwana", au "huyu bwana", na akikwama kabisa, "aisee". Mtu wa namna hiyo utamwambiaje habari za mkojo wako?

Siku ya kwanza walipokelewa na sista wa upande wa mionzi, mama mmoja mchangamfu, miwani yake imefungwa kamba akiivua isipotee.

"Karibu mzee wangu. Na huyu uliyekuja naye ni nani wako?"

Fundi akakohoa. Aliyaona yote mbele yake: akisema ni mkwe, sista atawakalisha wote wawili pamoja na kuanza kutaja vitu kwa majina yake. Akasema, "Amenileta."

"Hilo naliona. Nauliza, ni nani wako?"

Fundi akatazama kiatu chake. Akatazama na cha sista. Ndipo kijana akasema kwa upole, "Mimi dereva tu, sista. Nipo pale nje."

Akatoka. Fundi akaingia peke yake, akimshukuru moyoni kwa kumwokoa, na huku akihisi kuna kitu kimemkaa vibaya, kama ukosi ulioshonwa upande.

Mle ndani sista alieleza yote, na Fundi kwa haya akaitikia yote: ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Kusema kweli hakusikia hata nusu. Alichotoka nacho ni kwamba siku ya kipimo aje amejiandaa vizuri. Basi akajiandaa kama mtu anayekwenda kwa watu. Akaoga, akavaa shati lililonyooshwa, akala maharage shibe yake ili apate nguvu. Na alipoitwa chumba cha mashine akaomba ruhusa, akapita chooni kwanza, akajimaliza mpaka tone la mwisho. Si adabu kupanda kitanda cha watu una mkojo.

Binti wa mashine aliitazama picha, akashika kiuno. "Babu! Kibofu kimesinyaa kama gunia tupu. Na huku nyuma kumejaa gesi na mizigo. Hatuwezi kukupima hivi."

Akamweleza upya, taratibu. Kibofu kinatakiwa kijae maji ili kijitanue na kuusukuma utumbo mbali na mionzi. Njia ya haja kubwa inatakiwa iwe tupu ili tezi itulie mahali pake. Na atakavyokuwa siku ya kipimo, ndivyo atakavyotakiwa kuwa kila siku ya mionzi.

Hapo Fundi alielewa. Anaponyoosha mkono wa shati kwa pasi huingiza kijimto ndani, joto liishie upande anaoutaka, lisiguse mwingine. "Kumbe mlitaka kijimto," akasema.

"Ndicho hicho, babu. Wewe umetuletea shati bila kijimto."

Akapangiwa siku nyingine. Lakini aliambiwa pia kwamba baada ya siku hiyo mashine itafungwa kwa matengenezo, na atakayekosa atarudi mwisho wa foleni. Fundi akaliona lile neno lake, *tumeiwahi*, linaanza kulegea nyuzi.

Ndani ya gari la mikate kulinukia vizuri.

"Tumemaliza, baba?" kijana aliuliza.

"Bado. Tutarudi."

"Mashine mbovu?"

"Mashine nzima," Fundi akasema, na akageukia dirishani.

Nyumbani mkewe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Yaani umekwenda kukojoa kwa adabu! Mume wangu, adabu hiyo itakuua." Halafu akajifuta machozi, na yale ya mwisho hayakuwa ya kicheko. "Kijana alikuwa wapi wakati sista anaeleza? Masikio yako yaliingiwa na hofu, ya kwake yangesikia."

"Nikae naye tusikilize mambo ya haja kubwa na ndogo? Mimi na mkwe wangu?"

"Basi niachie mimi."

Jioni kijana alipita kunywa chai kabla ya kwenda kazini. Mama mkwe akammiminia, akaketi, akapiga goti lake kofi. "Mkwe, nikutegee?"

"Tega, mama."

"Nina mtungi, nimeubeba tangu nizaliwe na sijawahi kuuona. Wenye nyumba fulani wamesema, mzee akija na mtungi mtupu hawafungui mlango. Na jirani ya huo mtungi kuna ghala. Ghala nalo wanalitaka tupu, limefagiliwa. Mzee wetu juzi alikwenda mtungi mkavu, ghala limejaa maharage."

Fundi alitamani sakafu ipasuke. Kijana aliinamia kikombe chake. Mabega yakaanza kumtikisika, akayazuia.

"Mama," akasema, "mtungi nimeujua. Ghala pia. Ila sitataja mbele ya baba."

"Na hakuna aliyekutuma utaje! Kazi yako ni moja. Siku ikifika, mtungi ujae, ghala liwe jeupe."

"Nimepokea. Lakini na mimi nina swali. Kwani maharage aliyapika nani?"

"Hayo yangu!" mama akakubali, na hapo hata Fundi akacheka, kicheko kilichomponyoka puani.

Tangu jioni hiyo mambo yakasemeka. Kesho yake kijana alimpigia simu sista, yeye mwenyewe, akauliza moja baada ya jingine. Maharage na kabichi vikaondoka mezani. Mama akashika jagi. Fundi alikunywa maji, akakaa kwenye cherehani, akashona huku amebana, na mkewe kila akipita anauliza, "Mtungi?" naye anajibu, "Bado unashikilia." Siku nyingine alishindwa, akatoka mbio na futi ikipepea nyuma yake. Siku nyingine aliweza.

Siku yenyewe ikafika. Hospitali wakampa Fundi dawa ya kusafisha tumbo, akaenda, akarudi mwepesi. Ghala jeupe. Kisha akamwaga mtungi wote, ndivyo alivyoagizwa, ili ujazwe upya kwa kipimo, na sista akamletea maji ya kunywa, vikombe vimepangwa kwenye sinia.

Kijana alitoa chupa yake ya maji kwenye mfuko. Fundi akinywa kikombe, naye anapiga mafunda. Fundi akinywa kingine, naye anapiga mengine.

"Wewe bwana, unafanya nini?"

"Nakusindikiza, baba."

"Wewe hupimwi."

"Sawa. Lakini kusubiri si tunasubiri wote?"

Wakakaa kwenye benchi. Maji yakaanza kujulisha kwamba yamefika. Mlango wa mashine ulikuwa umefungwa, mgonjwa aliyetangulia bado yumo ndani. Fundi akaweka mikono magotini. Kijana akaweka miguu pamoja. Ukutani saa ilikwenda kivivu, kana kwamba nayo imebanwa.

"Baba, nikuambie kilichotokea jana kwenye tanuri?"

"Kinachekesha?"

"Sana."

"Nyamaza! Ukinichekesha tumekwisha."

"Basi nikuambie cha huzuni?"

"Kuna maji ndani yake?"

"Kuna mvua kidogo."

"Nyamaza kabisa." Fundi alijipinda, machozi ya kicheko yakimlenga na meno ameyauma. Hakukumbuka lini aliwahi kukaa na huyu kijana bega kwa bega namna hii. Alimtazama kwa pembe ya jicho. Macho mekundu ya kukesha, unga kwenye sikio, jasho jembamba juu ya mdomo. Mtu angeweza kuwa kitandani kwake saa hizi, amejifunika gubigubi. Kumbe yuko hapa amebana mkojo usiomhusu.

Mlango ukafunguka. "Babu wa kijimto!" binti wa mashine akaita.

Fundi aliinuka kama mtu aliyebeba mayai. Akalazwa kwenye kitanda kigumu, magoti yakaegemezwa kwenye sponji, nguo ikashushwa kidogo. Kitanda kikaingia kwenye lile duara kubwa na kutoka. Fundi hakupumua sawasawa mpaka sauti ya binti iliposikika. "Babu! Leo umekuja na kijimto. Kimejaa vizuri. Na huku nyuma kweupe!"

"Namshukuru Mungu," Fundi akasema akitazama dari. Wala hakusema kwa mazoea. Alishukuru kwa dawa ya tumbo, kwa jagi la mkewe, kwa mtu aliyebuni mashine ya kumwona mtu ndani bila mkasi. Alimshukuru hata yule aliyeshona shuka, japo pindo lake lilikwenda mrama.

Taa nyembamba nyekundu zikamchora mstari tumboni na ubavuni, zimenyooka kuliko uzi. Binti akaweka alama kwa kalamu, akapima, akapima tena.

"Usivute tumbo, babu."

Fundi alibana kicheko kwa nguvu zake zote. Maneno hayo hayo aliwaambia wateja miaka yote. Tena alikuwa na wengine wa kuja kupimwa wakidhani wataondoka na suruali siku hiyo hiyo. Yeye sasa alijua: leo ni kupimwa na kutiwa alama, mionzi itakuja kwa siku yake.

"Sasa nitachoma kidogo kwa sindano na wino," binti akasema. "Vinukta vidogo tu. Vitabaki, tusikupoteze."

"Choma, mwanangu. Chaki yangu mimi hufutika. Ila niambie, mnanipima ili mnikate au mnishone?"

"Tunakushona, babu."

Alipoachiwa, hakuaga. Alipita ukumbini kwa mwendo ambao mkewe angeulipia kiingilio, na alichokisikia mle chooni kwa muda mrefu kilikuwa sauti tamu kuliko ya cherehani mpya.

Alirudi amenyooka, uso unang'aa. Kijana alikuwa pale pale kwenye benchi, miguu imesokotana kama kamba.

"Aisee! Kwani wewe hujaenda?"

"Nilikusubiri utoke kwanza, baba. Mtungi ulifaa?"

"Umefaa! Nenda, nenda utapasuka!"

Kijana akaenda mbio, ameinama. Fundi akaketi. Aliingiza kidole chini ya shati, akagusa ubavuni palipochomwa. Kinukta hakikuwa kikubwa kuliko tundu la sindano, akakipapasa kama mtu anayetafuta mwanzo wa mshono.

Sista akaja, miwani kifuani. "Hongera mzee. Umepimika. Sasa nisikilize. Mionzi ikianza utakuja kila siku ya kazi, wiki kwa wiki. Utachoka, na mkojo utakusumbua kidogo. Kuna mambo lazima nimweleze mtu wako wa nyumbani, tena kwa majina yake. Dereva siwezi kumweleza."

Kijana alikuwa anarudi, anakung'uta maji mikononi, mwepesi kama mkate uliotoka kuumuka. Sista akamwelekezea kidevu. "Kuna swali langu la siku ile, mzee, hukunijibu. Huyu ni nani wako?"

Kijana akaangalia chini kama kawaida yake, akafungua mdomo amwokoe tena. Fundi akamwekea mkono begani, akamkung'uta unga sikioni.

"Dereva leo hakuja, sista," akasema. "Huyu ni mwanangu."